Tawi Lililokuwa Limeegemea Tu

Sasolburg, 14 Mei 2017

Mama yangu Matseliso,

Amani iwe nyumbani kwako. Goti linaendeleaje na baridi ya huko milimani? Sisi tu wazima. Mosa ameng'oka jino la pili, na kofia ya baba yake haivui hata akilala. Mimi bado nimo katika nguo nyeusi za msiba, nasubiri miezi sita itimie Agosti uje univue mwenyewe.

Mama, nina habari za kazi ya mwanao. Unakumbuka Tseliso alivyokueleza kwa mfano wa miti yako ya mifyulisi? Alisema wewe unapandikiza vitawi juu ya shina, naye anapandikiza matawi juu ya wanga wa mahindi, ila ya kwake hayaonekani hata kwa miwani. Ukamjibu kwamba hata mshahara wake hauonekani kwa miwani. Alicheka wiki nzima. Mimi aliniita waziri wa vyombo, kwa kuwa naosha nyumbani na maabarani pia.

Kiwanda cha bandeji za walioungua kilitaka wanga unaofyonza maji ya kidonda bila kuyeyuka. Tseliso alichora matawi yake, akayapandikiza, na mwezi Februari tukapata sampuli nzuri ajabu. Alikupigia simu siku ileile akipiga kelele kwamba tawi limeshika. Jumatatu akaondoka nayo kuipeleka kiwandani Bloemfontein. Yaliyompata njiani unayajua.

Baada ya mazishi, mkuu wetu, Ntate Ramohapi, aliniomba niitengeneze tena sampuli hiyo kwa kufuata daftari la marehemu, ili jina lake libaki kwenye kazi hiyo. Niliifuata hatua kwa hatua. Nikaiosha kwa spiriti saa ishirini na nne, nikakausha, nikapima. Mama, nikaisoma mizani mara mbili. Uzito ulikuwa wa wanga mtupu. Matawi yote yalikuwa yameondoka na spiriti. Nikarudia mara ya pili, mara ya tatu. Ntate Ramohapi akasema labda mikono yangu inatetemeka kwa msiba, nipumzike kidogo. Nikalishika lile daftari nilisome upya, na kwenye mstari wa kuosha nikakuta mwandiko wangu.

Wewe ulitufundisha kwamba tawi likishapandikizwa huvutwa kidogo. Likibaki mkononi, lilikuwa limeegemea tu. Kwetu kuosha ndiko kuvuta. Siku ile ya Februari ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa ya Mosa, keki ilikuwa bado dukani. Niliitoa sampuli baada ya muda wa saa tatu tu, nikaandika saa ishirini na nne. Nilijiambia za nyuma zote nimeziosha vizuri, hii moja itanidhuru nini.

Mama, hakuna kilichokuwa kimeshika. Mwanao alikwenda barabarani kwa furaha niliyoiandika mimi.

Nilimweleza Ntate Ramohapi siku ile ile. Alivua miwani, halafu akauliza kama nina nguvu za kuanza upya. Tulianza. Mchoro wa Tseliso haukuwa na kosa. Ni hewa tu iliyokuwa imebaki ndani ya chombo na kuzuia matawi yasishike. Tuliifukuza kwa nitrojeni muda mrefu zaidi. Sampuli ya sita niliiosha siku mbili, nikiwa nimeketi kando yake, na matawi yakabaki. Si mengi kama yale ya uongo, lakini yanatosha kwa kidonda cha mtu.

Kwenye chupa, mahali pa aliyebuni, nimeandika Tseliso. Mahali pa aliyeosha nimeandika jina langu na saa arobaini na nane. Ukurasa wa zamani sikuuchana. Ile ishirini na nne nimeikata kwa mstari mmoja, nikaandika saa tatu, nikatia sahihi.

Sijui kama Agosti bado utataka kunivua nguo hizi kwa mikono yako. Usipotaka, nitaelewa. Msalimie shangazi Rakgadi na majirani wote. Mosa anakusalimu, anauliza matunda yamekwisha mtini?

Unapomtaja Tseliso katika sala zako, nami nikumbuke.

Mkweo,
Mamosa