Mwisho wa Uwanja wa Farasi

Kara-Bulung, 19 Agosti 2008

Mwanangu mpendwa Nurzat,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima, ila magoti yananisumbua. Wewe je, huko Moscow hujambo? Kula vizuri, usiishi kwa chai tu.

Maonyesho ya farasi yaliisha jana. Nimejitolea tena, na ndoo zangu na bendeji zangu, mwisho wa uwanja kama kila mwaka. Batma jirani akanitania, "We bibi, siku hizi farasi wanakujua kuliko sisi majirani!" Ulipofika mchezo wa kunyang'anyana mzoga wa mbuzi nilitazama nyasi tu mpaka ukaisha.

Sasa nikwambie, na usikasirike. Esen alikuja. Tangu farasi wake amkanyage kaka yako, hakuwahi kutia mguu pale. Alisimama mbele yangu na farasi aliyelowa jasho.

"Mama, mimi ndiye…"

"Nakujua. Mtembeze kwanza huyo, akinywa na joto hilo utamuua."

Tukamtembeza pamoja. Kisha nikampa Esen chai na maandazi.

Mama yako

Moscow, 7 Septemba 2008

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima.

Maandazi, Mama? Mirlan yuko chini ya udongo, na wewe unamkaangia unga aliyemuua? Sikuwahi kuelewa unachofuata kwenye uwanja ule. Mama wengine wangeukwepa hata jina lake. Wewe unabeba maji!

Kwenye karamu ya kumkumbuka kaka sitakuja. Mwalike Esen akae mahali pangu.

Nurzat

Kara-Bulung, 22 Februari 2009

Mwanangu,

Je, hujambo? Huku theluji imefika madirishani, ng'ombe wamekonda, mimi nakohoa kidogo. Nimekuandikia mara mbili, kimya. Labda barua zilipotea. Nataka kuamini hivyo.

Uliniuliza nafuata nini. Siku ile Mirlan alipoanguka, mzoga ulikuwa umefika karibu na goli la upande wa pili, na watu wote walikuwa wanashangilia huko. Mwisho ule wa uwanja hapakuwa na mtu, wala machela, wala tone la maji. Mimi nilikuwa nyumbani nakanda unga. Aliyeshuka kwenye farasi akamshika kichwa ni Esen. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, na watu wakadhani naye anashangilia.

Hayo aliniambia tukimtembeza farasi. Nikamuuliza, "Alisema kitu?" Akasema Mirlan aliuliza, "Bao limeingia?" Esen akamjibu limeingia. Halikuwa limeingia, mwanangu. Wenzake walilikosa.

Basi ndiyo maana nasimama pale. Hata mtoto wa adui yangu akianguka, amkute mtu.

Kikohozi kisikutie wasiwasi. Andika hata mstari mmoja.

Mama yako anayekungoja

Moscow, 30 Agosti 2009

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefika salama, safari ilikuwa ndefu, kikohozi chako bado kiko masikioni mwangu. Tafadhali nenda kwa daktari, usinidanganye tena.

Nisamehe kwa kuondoka wakati umelala. Nilishindwa kukuaga.

Baada ya barua yako nilikuja ili nisimame nawe mwisho wa uwanja, nikasimama. Nilinywesha farasi, nilifunga vifundo vya miguu vilivyoteguka, watu wakaniambia asante. Esen alinisalimia, nikaitikia. Zaidi ya hapo sikuweza.

Kisha yule kijana wa kijiji cha Ak-Moinok akaanguka kutoka kwenye farasi. Wewe na magoti yako ulifika kwake kabla ya wote. Mimi nilibaki nimesimama na ndoo mkononi. Yeye akainuka, akajipangusa vumbi, akacheka, akasema, "Mama, niko sawa, niachie nipande!" Akapanda, akaenda. Wewe ukabaki umepiga magoti, mikono yako bado imekinga kichwa kisichokuwepo.

Nilikuja kukuinua. Ukasema, "Niache kidogo." Nikakuacha. Nikaenda kusimama kati ya farasi, nikauficha uso kwenye shingo ya mmoja wao, hata sikujua ni wa nani.

Mwakani sitakuja uwanjani, Mama. Usiniombe. Lakini wakati wa baridi nitapewa likizo. Nitakuja nyumbani, tuwashe jiko, tukae. Ukitaka kumtaja Mirlan, mtaje. Nitasikiliza.

Binti yako, Nurzat