Alivyozisoma Nyayo Zangu

Griftu,
Wajir Magharibi.
18 Februari 2024

Mpendwa Shangazi Kathure,

Bwana asifiwe. Mgongo wako unaendeleaje, na baridi ya Timau imepungua? Mimi ni mzima, ingawa jua la huku limenikausha midomo. Nilitaka kukusimulia haya kwa simu, lakini mtandao hukatika kila nikifika penye utamu. Basi nimeshika kalamu.

Nataka umjue mwanamke mmoja, Ruqiya, ambaye sisi humwita Mama Yakub. Ni mfugaji, tena ni mhudumu wa afya wa jamii. Hutuongoza sisi wauguzi tunapokwenda kuchanja watoto wa wafugaji huko porini. Hutembea polepole, na kila mara hugeuka kutazama alikotoka. Siku moja nilimuuliza anamwogopa nani. Akacheka.

"Siogopi, sista. Njia ya kurudi iko na sura ingine. Lazima uione mapema."

Nilidhani ni mazoea tu.

Alhamisi ya juma lililopita, gurudumu la gari letu lilipasuka porini. Elkanah, dereva wetu, alipokuwa akilibadilisha, niliingia vichakani kujisaidia, hatua kama hamsini hivi. Nilipogeuka, Shangazi, sikuona gari. Kila upande ni miiba na mchanga mwekundu, vyote sura moja. Nikaita, hakuna aliyeitika. Nikaenda upande niliodhani ndio, kisha nikaanza kukimbia. Sikuwa na maji wala simu, na ilikuwa saa sita mchana.

Baadaye niliona alama za viatu mbele yangu. Nilifurahi mno, nikajua nimeokoka. Kumbe ni viatu vyangu mwenyewe! Nilikuwa nimezunguka.

Ndipo nikakumbuka maneno ya Mama Yakub asubuhi ile garini: ukipotea, simama, kaa kivulini, lakini tazama kwanza. Nikaendea mgunga mmoja, nikatazama kama afanyavyo yeye. Kwenye majani makavu, pale pale ambapo ningeketi, alilala nyoka, kifutu mnene kama mkono wangu. Nilirudi nyuma taratibu, nikaketi chini ya mti mwingine, nikaomba. Sikuinuka tena, ingawa kila kiungo kilitaka kukimbia.

Sijui ilipita saa moja au zaidi. Mama Yakub alitokea akiwa ameinamisha kichwa, macho mchangani, chupa ya maji mkononi. Elkanah alikuwa akipiga honi muda wote huo, lakini upepo ulikuwa ukiipeleka mbali nami. Mama Yakub alininywesha kidogo kidogo. Hakunigombeza.

"Kwanza ulitembea hatua fupi," akasema. "Halafu hatua ndefu, kiatu imechimba mchanga. Nikajua sista anakimbia, na mimi nikaogopa. Halafu mguu ikasimama. Nikasema alhamdulillahi, huyu sasa nitampata."

Nililia, Shangazi. Aliisoma hofu yangu mchangani kama mimi ninavyosoma kadi ya mgonjwa.

Jumatatu, mkubwa wetu Abdilatif alimwomba atufundishe sote. Alitupeleka nyuma ya zahanati, akatuambia tufumbe macho na kutaja vilivyo nyuma yetu. Hakuna aliyeweza. Naye akafumba yake: "Nguo tatu kwenye kamba. Ngamia mmoja anachechemea, mguu wa kushoto. Lango haijafungwa. Na Sista Kanana, leo amebeba maji." Tulicheka sote, nami nikainua chupa yangu juu.

Usinihangaikie, wala usimwambie Baba aniombee uhamisho. Kuna mengi sijayajua hapa, na mwalimu ninaye.

Nisalimie Mjomba Silas, Caro, na Mwenda aliyeanza shule. Mungu aushike mkono wako na kukupa usingizi mwema.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Kanana