Tukingoja Riba ya Baba

Jumatatu, 3 Machi
Nimesahihisha madaftari arobaini ya Fizikia. Bado kumi na mawili. Mama amelala kwenye kitanda changu hapa mtaani Manyatta, mimi niko kwenye mkeka. Alitoka kijijini Kombewa na nguo mbili tu, kana kwamba anarudi kesho. Uvimbe kwenye titi umefika ukubwa wa limau. Ameuficha tangu Krismasi. Nina hasira. Sijui namkasirikia nani.

Jumatano, 5 Machi
Daktari anataka upasuaji haraka, wiki hii ikiwezekana. Bima italipa kidogo. Pesa nyingine hatuna.

Tulicho nacho ni hatifungani za serikali alizoacha Baba. Mama alikubali ziandikwe jina langu kwa sababu mimi ndiye najua mambo ya benki. Zitaiva baada ya miaka tisa, ndipo serikali irudishe pesa aliyoikopesha Baba. Kila miezi sita zinalipa riba, na Mama anaishi kwa hiyo. Haiiti riba. Ujumbe ukiingia kwenye simu husema, "Baba yako ametuma." Miaka mitatu yuko kaburini, bado anatuma. Nikiuza, ataacha. Hilo ndilo linalomliza Mama. Si titi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwambia tuuze. Amekataa.
"Unataka nipone halafu nile nini?"
Baada ya chai akalegea. "Basi ngoja atume ya mwezi huu. Siku kumi tu. Tusimwachie mtu mwingine jasho lake."
Nikakubali. Niliona ni akili: ukiuza kabla ya siku ya riba, mnunuzi anaichukua yote. Sikuuliza mtu.

Jumanne, 11 Machi
Baba mdogo amepiga simu kutoka nyumbani. Kuna mtu amemwambia tunauza.
"Hiyo ni mali ya boma, Akinyi. Wewe utaolewa. Si itaenda na wewe?"
Nikamuuliza atachanga ngapi za hospitali.
"Mtandao huku ni mbaya," akasema. Nilikuwa namsikia vizuri kabisa.

Mama hawezi kuinua mkono kufunga kitambaa cha kichwa. Namfungia. Anasema nimekaza sana. Nafungua, naanza upya.

Ijumaa, 14 Machi
Sifundishi. Nasimama mbele ya darasa tu. Siku tatu zaidi.

Jumanne, 18 Machi
Riba iliingia jana. Leo nilifika benki kabla hawajafungua.

Nilimwambia karani pesa ni za upasuaji wa Mama, akaniuliza mbona nimechelewa hivi na mgonjwa yuko nyumbani. Nikamweleza kwamba tulikuwa tukingoja riba. Akaweka kalamu chini.
"Dada, mnunuzi anakulipa riba ya siku zote ulizokaa na hatifungani. Hungepoteza hata shilingi."

Siku kumi na moja. Bure. Na bei imeshuka pia: kwa kila mia, napata tisini na mbili. Nikasaini kila mahali aliponionyesha. Halafu nikaenda chooni nikajipiga kofi. Mara mbili. Mwanamke aliyekuwa akinawa mikono akatoka bila kujifuta.

Jumamosi, 22 Machi
Pesa imeingia. Mama amelazwa. Daktari alimpapasa kwapani, akarudia, akaandika kwenye faili. Kuna tezi mbili zimevimba.

Nilimfuata koridoni. Zilikuwepo tarehe tano ulipompima? Akasema tusubiri vipimo. Namchukia kwa kutojibu. Najichukia zaidi. Mama hatajua kutoka kwangu kwamba tulingoja bure. Hata akiniapisha.

Alhamisi, 27 Machi
Titi limetolewa. Majibu ya tezi ni baada ya wiki mbili. Kutoka dirisha la wodi maji ya ziwa yanaonekana kidogo, kijani kwa magugu maji.

Mama aliamka saa tisa mchana. Alinitazama kwanza, kisha bandeji.
"Hatifungani zilienda bei gani?"
Nikamwambia.
Akafikiria. "Baba yako angebishana."
Akageukia ukutani, akalala tena. Anapumua vizuri. Nikamenya chungwa alilokataa, nikalila lote, pamoja na mbegu.