Stanislas Mwanza, Mlinzi Aliyeiacha Bunduki Akashuka Kisimani

Mvua za Januari zimerudi Kamina, na mwaka umetimia, Stanislas wetu, tangu udongo wa kisima cha gereza ukufunike ukiwa kazini. Mke wako Clotilde ametukataza kuandika kwa kunong'ona. Basi tunaandika kwa sauti.

Ulikuwa mlinzi wa gereza, na kazi hiyo haikukupatia marafiki wengi mtaani. Uso uliukunja tangu chai ya asubuhi. Funguo ulizifunga kiunoni hata Jumapili misani, na binti yako Delphine alikutania kwamba ukipiga magoti unalia kama mbuzi mwenye kengele. Ulijifanya hukusikia.

Lakini chakula cha wafungwa hakikutoka jikoni kabla hujakionja. Siku bukari, ule ugali wao, iliponuka uvundo, ulimtia mpishi tonge mkononi. "Kula weye kwanza," ulimwambia. "Ikikushinda, na bale bantu itabashinda." Akapika upya, nawe ukasimama pale mpaka maji yakachemka. Nyumbani hukusimulia hata neno. Habari tulizipata kwa watu.

Siku ile wafungwa walikuwa wakichimba kisima nyuma ya gereza. Udongo ulikuwa umelowa, ukuta ukaporomoka juu ya Kitwa, mtu wa Kabondo-Dianda aliyefungwa kwa kukataa kulima pamba ya lazima. Sheria ilikutaka ubaki juu, bunduki mkononi. Wewe ukampa bunduki mfungwa mwenzake, Banza.

"Shika hii. Miye nashuka."

Ulifukua kwa mikono mpaka ukampata Kitwa, ukamsukuma juu, wenzake wakamvuta. Kabla hujapanda, upande wa pili ukaanguka. Mkubwa wa gereza alipofika mbio alimkuta Banza amesimama wima na bunduki yako, na wafungwa wengine wote wako shimoni wanakutafuta. Hakuna hata mmoja aliyetoroka.

Hata hivyo mkubwa yule alisema mbele ya jeneza lako kwamba mlinzi anayempa mfungwa bunduki ameitupa kazi yake. Ukazikwa bila tarumbeta za heshima. Mama Clotilde hakuzililia tarumbeta. Aliogopa jina lako lisije likabaki Kamina kuwa jina la mlinzi aliyekosa, watoto wako wakaona haya kulitaja. Mwaka mzima alipita sokoni ameinamisha kichwa, yeye ambaye zamani kicheko chake kilimtangulia njiani. Ilituuma sana kumwona hivyo.

Wiki iliyopita, tulipokuwa tukiondoa matanga, Kitwa aliingia uani kwetu, mtu huru sasa, pamoja na mkewe Ndaya na mtoto wao mchanga. Mdogo wako Florent alimsogezea kiti. Akakikataa, akapiga magoti mbele ya Mama Clotilde na kupiga makofi taratibu, kama anavyosalimiwa mkubwa.

"Mama, tumekuya kuomba jina ya baba. Bila yeye, huyu mutoto hangezaliwa."

Kwetu jina la marehemu halichukuliwi hivi hivi. Linaombwa kwa wenyewe, na hakuna anayeliombea mwanawe jina la aibu. Mama Clotilde alilijua hilo, nasi sote tulilijua. Akafuta machozi, akampokea mtoto, akatoka naye mpaka ukingoni mwa barabara, watu wakipita kutoka kazini.

"Muangalie bote!" akasema, kichwa juu. "Huyu ndiyo Mwanza!"

Tunajivuna kwa ajili yako, na hatuombi radhi kwa mtu.

Wanaokukumbuka: mke wako Clotilde; watoto wako Émile na Delphine; mdogo wako Florent, mfanyakazi wa reli; Kitwa na Ndaya; na Mwanza mdogo, ambaye bado hajui kusema, lakini akiisikia sauti inayoliita jina lako anageuka.

Siku zetu zote, tutakukumbuka.