Kitabu Kilichorudishwa Rafuni

Tamarack Falls, Minnesota
Jumanne, 7 Oktoba 2014

Kwako Dada Verna,

Hujambo? Goti linasemaje na hii baridi iliyoanza? Mimi mzima, ila macho. Daktari anasema la kulia limeshakata tamaa na la kushoto linamfuata mwenzake.

Najua hatujasemezana tangu Aprili, siku uliponinyima kadi ya maktaba. Ningeendelea kununa vizuri tu, lakini leo nimekuta rafu yako ya vitabu vya herufi kubwa iko tupu. Umeweka maua ya plastiki. Vitabu viko wapi, dada? Vile ndivyo pekee ninavyoweza kusoma sasa. Nilikuwa nimefika sura ya tisa ya yule mjane mfuga nyuki, na mkwewe ndiyo kwanza anawasili.

Ndiyo, huwa naingia humo. Jumanne na Alhamisi, siku unazokuwa tawi la ng'ambo ya mto. Nilizichagua makusudi.

Nijibu kwa posta, hapo hapo mkabala na maktaba yako. Bi Arlene hunitunzia barua dirishani. Yeye hajaniuliza nalala wapi.

Mdogo wako,
Duane

*

Ijumaa, 10 Oktoba

Mdogo wangu Duane,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, hata kama umekuja na ugomvi. Goti ni lile lile. Na wewe unakula nini humo ndani ya gari? Chumba cha juu kiko wazi tangu benki ichukue nyumba yako, na kiburi chako kinajua njia.

Kuhusu vitabu: kila Septemba tunapalilia rafu. Kisichosomwa kinaondoka ili kipya kipate nafasi. Tunatazama vilivyoazimwa, na pia vilivyosomewa humu humu, maana si kila mtu huondoka na kitabu. Ndiyo sababu kila meza ina kibao: msomaji asirudishe kitabu rafuni, akiache mezani tukihesabu. Rafu ile imetoa sifuri kwa miaka miwili. Sifuri, Duane. Vitabu vyake nimevipeleka kwa lori la karatasi chakavu.

Na ile kadi, nilikueleza. Ilitakiwa bili yenye anwani. Sheria ni msumeno, na ningekupendelea wewe mbele ya foleni ile, kesho ningemwambia nini mwingine?

Dada yako,
Verna

*

Jumanne, 14 Oktoba

Dada,

Salamu nyingi. Nakula supu za kopo, usijali.

Nimesoma barua yako mara tatu, nikaanza kucheka, kisha nikaacha. Niache kitabu mezani? Mimi? Umemsahau mama na ufagio wake? Kitu ukikitoa mahali, kirudishe mahali. Miaka miwili nimekirudisha kila kitabu pale pale nilipokitoa, mgongo sawa na migongo ya wenzake. Hata vumbi nilifuta.

Leo nimekwenda kukitafuta hicho kibao chako. Nimekiona. Nilidhani ni tangazo la kuzuia kahawa. Kina herufi kama mayai ya chawa, Verna. Nimemwomba mama mmoja anisomee. Unawaambia watu wa herufi kubwa mambo yao kwa herufi ndogo, kisha unawaandikia sifuri.

Na hiyo Aprili hujaisema yote. Nilikuuliza polepole, niandike anwani yako? Nyumba ya dada yangu, si ya mtu baki. Ukajibu kwa sauti, watu wote wakisikia, kwamba kudanganya kwenye fomu ni kosa. Basi nikatoka. Kwa hiyo chumba cha juu si anwani yangu, lakini nilale humo?

Sitaki ugomvi. Sema neno moja tu, nitakusikia. Nipo hadi ziwa ligande, kisha itabidi nitafute pengine, gari hili halina joto.

Mdogo wako,
Duane

*

Jumanne, 9 Desemba

Duane mdogo wangu,

U hali gani? Nimekawia, najua. Barua yako niliiweka kwenye mkoba na kutembea nayo kila siku. Nilikuwa na aibu. Nikajiambia siwezi kukujibu kwa maneno matupu, nikujibu kwa jambo lililokwisha. Bodi ya maktaba haikuwa na kikao hadi jana.

Niliwasomea barua yako, yote, na mayai ya chawa wakayasikia. Wamekubali: kadi bila anwani kwa yeyote atakayeomba. Vibao vimeandikwa upya, herufi nene kama kidole gumba. Vitabu vya lori vimekwenda, ila nimeomba kwa maktaba jirani nikapata kumi na vinne, na mjane wa nyuki yumo.

Kadi yako iko humu ndani. Penye anwani nimeandika yangu, ingawa haihitajiki tena. Ilipaswa niiandike Aprili. Nisamehe.

Njoo Jumanne. Nitakuwepo.

Dada yako,
Verna

*

Jumanne, 20 Januari 2015

Duane,

Sijui nikuulize vipi hali yako, maana sijui uko wapi. Barua ya Desemba imerudi Jumamosi, na kadi ndani yake, imepigwa muhuri kwamba haikuchukuliwa.

Nilivuka barabara kumuuliza Bi Arlene. Akasema, "Alikuwa anakuja kila siku saa nne. Nikimwambia hakuna kitu, anasema, dada yangu ana kazi nyingi, ataandika." Wiki sita, Duane. Mara ya mwisho ilikuwa siku moja kabla ya Sikukuu ya Shukrani. Hakusema anakwenda wapi. Mimi nilikuwa hatua arobaini kutoka hapo, nasubiri kikao.

Nimepiga simu makazi ya wasio na nyumba mjini Duluth na hospitali mbili. Hawakujui. Barua hii nitampa Bi Arlene. Tunajua wote wawili kwamba itarudi.

Kadi yako iko kwenye droo ya mezani kwangu. Ng'ambo ya mto siendi tena siku za Jumanne. Asubuhi namtoa mjane wa nyuki, namweka mezani karibu na bomba la joto, amefunguliwa sura ya tisa. Jioni ninapofunga naandika kwenye fomu ya hesabu: kimesomwa, kimoja. Ni uongo, na fomu ni ya bodi. Kisha nakirudisha rafuni mwenyewe, mgongo sawa na wenzake.

Dada yako,
Verna