Konzi Moja Haisemi Gunia Zima

Mama,

Shikamoo. Najua utaisoma barua hii umeketi mlangoni kwa bibi, huko Mbamba Bay, ukigeuza kichwa kila mtu anapopita, maana sikio lako la kushoto halisikii. Ni mimi, binti yako, yule unayesema anaona aibu hata kuomba chumvi kwa jirani. Leo sina aibu. Au ninayo, ila nimechoka kuitii.

Unakumbuka mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kuja Mbinga na magari yao? Zamani karani wa ushirika alikuwa anamwaga kahawa yote chini, anaipekua. Hawa wapya walifungua gunia, wakachota konzi moja ya juu, wakanusa: "Safi, pakia!" Majirani wakajifunza haraka: kahawa ya maganda chini, kahawa safi juu. Wewe ulikataa. Ulishinda kwenye kichanja ukichambua, na mdogo wangu Festo akikuletea punje mbovu mojamoja kama zawadi. Baba akacheka, "Mnyasa huyu wa ziwani atatuchelewesha." Ukamjibu, "Waache wachote. Konzi moja haisemi gunia zima."

Kisha Festo akaanza kuchoka kwenye kilima cha shule. Yakaja matapishi, ikaja degedege, mwishoni macho yake yakawa hayamjui mtu mpaka aongee. Yule daktari mgeni wa hospitali ya misheni alikata kipande kidogo cha nyama ya paja lake, akachukua na damu yako na yangu, vyote akavipeleka kwao Ulaya vikapimwe. Majibu yalirudi Festo ameshazikwa.

Hapa ndipo ninapoungama, Mama.

Siku daktari alipokuja kuueleza ukoo, Kiswahili chake kilikuwa "habari" na "asante". Kiingereza ninacho mimi, mwanafunzi wa kidato cha tatu, basi nikasimamishwa katikati. Sentensi yake ya kwanza niliitafsiri vizuri: "Ugonjwa huu unatoka kwa mama." Sikuwahi hata kuvuta pumzi. Shangazi Konsolata akaruka, "Mmesikia? Mtoto wake mwenyewe kasema! Si niliwaambia? Damu ya ziwani hiyo!" Wote wakanigeukia. Daktari akaendelea kueleza, akasema maneno mengi, halafu akanyamaza akinisubiri. Nikatazama miguu yangu. Nikasema, "Ni hivyo tu."

Haikuwa hivyo tu. Nilimeza yaliyobaki yote.

Wewe ulikuwa kwenye mkeka wa wake wa ukoo, ambao kikaoni hawasemi, na sikio bovu lilikuwa limeelekea kwetu. Ulinitazama mdomo ukauona umefungwa. Wiki ileile wakakupandisha lori la kushuka ziwani.

Sasa pokea yaliyobaki. Daktari alisema ndani ya kila seli kuna kama majiko madogo, mengi, ndiyo yanayotupa nguvu. Majiko hayo yana DNA yake yenyewe, na kila mtu huipata kwa mama tu. Baba haongezi kitu. Ya kwako imechanganyika: nzima nyingi, mbovu kidogo. Ndiyo maana umepoteza sikio tu. Mtoto anapoumbwa hapewi gunia zima, anachotewa konzi. Festo ilimwangukia konzi iliyojaa mbovu. Mimi nimepata chache, kwa jinsi damu inavyoonyesha. Na daktari akaonya kwamba damu yangu haisemi habari za misuli yangu. Nilitaka kucheka, Mama. Wewe uliyasema hayo kichanjani.

Sitasema ugonjwa haukutoka kwako. Ulitoka kwako. Hata kicheko cha Festo kilitoka kwako, na hii miguu yangu inayochoka mlimani. Lakini kutoa si kukosa, na anayetaka kuviita kitu kimoja aje aniambie mimi usoni.

Jumapili iliyopita alikuja. Baada ya misa Shangazi alileta habari za binti wa kijiji cha Mpepai, eti Baba amwoe asikae mpweke. Nilikuwa nawagawia ugali yeye, Baba na Baba Mkubwa. Nikaweka chungu chini.

"Shangazi, siku ile sikumaliza kutafsiri."

"Kutafsiri nini tena? Gawa chakula."

Nikaburuta gunia la kahawa iliyochanganyika, nikamwomba afumbe macho achote konzi mbili. Alinung'unika, ila akachota. Moja ilijaa maganda, nyingine ilikuwa nayo machache. Nikawaeleza yote ya daktari, neno kwa neno, kisha nikauliza, "Gunia limekosa nini?"

Shangazi akakung'uta mikono. Kisha yeye: "Kwa hiyo na wewe umo?"

"Nimo. Kama dawa yake ni kufukuza, nifukuzeni na mimi."

"Na nani atakuoa?"

"Asiyenunua gunia kwa konzi moja."

Baba Mkubwa akaguna, "Mh! Huyu ana mdomo wa mama yake."

"Mama hamkumpa nafasi ya kuutumia," nikasema, na sauti haikukatika.

Baba akanyanyuka. Akarudisha konzi zote mbili guniani, akalifunga. Jioni akaniuliza kwa chini, "Lori la ziwani linashuka lini?" Nikamjibu, "Ijumaa, Baba. Nitashuka mimi."

Kwa hiyo funga vyako, Mama. Siji kuomba wakupokee. Nakuja kukurudisha kwako. Na ukoo ukikaa tena, hutakaa mkeka ule. Utakaa kushoto kwangu, sikio lako zima likiwa upande wangu, nami nitasema mpaka mwisho.

Nisalimie bibi. Mwambie na yeye hana kosa.

Binti yako,
dada yake Festo