Ile Ndoto Niliyowaambia Kanisani

Mwanangu Simiyu,

Nakusalimu sana. Hapa Kangemi tuko wazima. Baba yako anakusalimu, mguu umepata nafuu kidogo. Dada yako Nekesa anakusalimu, na mume wake, na mtoto wao aliyepewa jina lako, sasa ana meno mawili. Mama Rispa wa mlango wa pili anakusalimu, ananiita Mama Balozi, anauliza kama hata sufuria zangu siku hizi ziko na bendera. Nacheka, lakini moyo hauko hapo.

Juzi ulinipigia, ukasema wazee wa chama wanataka uache ubalozi urudi kugombea kiti. Ukasema, "Mama, sitawajibu mpaka uniambie umeonyeshwa nini, kama ile mara ya kwanza." Nikakwambia nitakuandikia.

Simiyu, ile mara ya kwanza sikuonyeshwa kitu.

Unakumbuka ulikuwa pasta wetu, kanisa la mabati, wewe mwenyewe ukipanga viti. Wazee wa chama walikuomba usimame kugombea kiti, ukakataa wiki mbili. Jumapili ile nikainuka wakati wa ushuhuda, nikasema nimeota umevaa suti nyeupe na watu wengi wanakufuata. Kina mama wakapiga vigelegele. Wewe ukalia palepale madhabahuni, ukasema, "Kama Mungu amesema na mama yangu, mimi ni nani nikatae?"

Hayo maneno niliyatunga asubuhi hiyo nikipika chai. Nilitaka kuitwa mama wa mheshimiwa, basi. Ukashinda, kanisa likabaki bila pasta, likagawanyika. Katika uchaguzi uliofuata wewe ukaanguka, ukapewa ubalozi, ukaenda mbali. Baba yako akasema ni mapenzi ya Mungu. Nikaitikia amina, na nilijua ni mapenzi ya nani.

Hata mzee mmoja wa kanisa letu, siku anakufa alikuwa anaita, "Pasta Simiyu amefika?" Nikamshika mkono nikamwambia uko njiani. Nimezoea kudanganya, mwanangu.

Sasa usirudi kwa sababu yangu, wala usikae huko kwa sababu yangu. Omba mwenyewe. Mimi sina ndoto ya kukupa.

Nekesa atapiga karatasi hii picha akutumie. Nimemwambia asisome, lakini unamjua. Ukiipata nijibu upesi, kabla hujawajibu wale wazee. Hata kama ni kunigombeza, piga. Nitashika.

Ni mimi mama yako.